Billy Wilder: nianzie filamu ipi kujifunza kuongoza vichekesho?

kikundi_sinza: Wakuu, tunarekodi vichekesho vya dakika 10 hadi 15 hapa Sinza. Tukivionyesha ukumbini, watu wanacheka hadi maneno yanayofuata hayasikiki. Nimeelekezwa kwa Wilder, mwongozaji wa zamani wa Hollywood, lakini naona ana filamu za mauaji na za vita pia. Nianzie ipi?

mhariri_temeke: *Some Like It Hot* (1959). Nenda pale Jack Lemmon anapomwambia Tony Curtis kwamba amechumbiwa. Kila akisema neno, anatikisa manyanga. Wilder alimpa yale manyanga makusudi, kicheko kipungue ndipo neno jingine lije. Mkiacha kimya kitupu, anayetazama peke yake kwenye simu atadhani mwigizaji kasahau. Mpeni mkono kazi: amenye chungwa, ahesabu chenji. Halafu rekodini pia uso wa anayesikiliza, sekunde kadhaa bila maneno. Bila shoti hiyo, pengo likiwa fupi hamna cha kulirefushia kwenye kuhariri.

mswada_kwanza: Mkuu, hizo za mauaji usiziruke. Wilder alianza kama mwandishi, na hata alipokuwa mwongozaji aliandika na wenzake, Charles Brackett kisha I.A.L. Diamond. *Double Indemnity* (1944) ni mauaji ya kutafuta pesa za bima, *The Lost Weekend* (1945) ni mlevi, tena hiyo ilimpa Oscar ya uongozaji. Ufundi ni uleule: kinachoonyeshwa mapema kina kazi mbele. Kwenye *The Apartment* (1960), karani Baxter anaokota kioo cha mkononi kilichopasuka na kumrudishia bosi wake. Baadaye anakiona kwa msichana anayempenda. Hakuna anayemweleza lolote, keshajua.

Ndiyo maana hakutaka waigizaji wabadilishe maneno ya mswada. Vichekesho vyetu vingi vinaharibikia hapo: mwigizaji anachomekea yake, anaruka neno ambalo tukio la mwisho linalitegemea.

fundi_seti: Humohumo kwenye *The Apartment* tazameni ile ofisi kubwa anayofanyia kazi Baxter. Mbunifu wa seti, Alexandre Trauner, aliweka meza za kawaida mbele, nyuma akaweka ndogo na watu wafupi, hadi watoto. Chumba kikaonekana hakina mwisho. Mkijaribu, kamera isihame pembeni, na asitembee mtu kutoka mbele kwenda nyuma, urefu wake utafichua kila kitu.

kikundi_sinza: Je, shoti ya msikilizaji tuirekodi kabla au baada?

mhariri_temeke: Baada, taa zikiwa palepale. Anayeongea asimame nyuma ya kamera aseme maneno yote, ili macho ya msikilizaji yawe na pa kuangalia.