Nafuata mzigo Guangzhou peke yangu mara ya kwanza: hoteli au kwa mwenyeji?

Zuu_Mikoba
Habari za jioni wadau. Mwezi wa kumi naenda Guangzhou, China, siku nane kufuata mikoba na magauni. Shoga yangu niliyekuwa niongozane naye kaahirisha. Kwenye grupu letu la WhatsApp kuna kaka Mtanzania anayeishi kule, anasema nisipoteze hela ya hoteli, atanipokea uwanjani na nitalala kwake. Mama hataki hata kusikia. Mnaopajua, naombeni ushauri.

MamaKago
Msikilize mama. Tuyaache ya chumbani, tuanze na sheria. Ukilala hotelini, mapokezi wanachukua pasi na viza yako na kukusajili polisi wenyewe. Ukilala kwa mtu, wewe au mwenyeji lazima mkaandikishe kituo cha polisi cha mtaa ndani ya saa 24, na pasi yako na karatasi zake za nyumba. Msipofanya hivyo, faini inaweza kufika yuan 2,000 (yuan ni pesa ya China). Mwenyeji ambaye kibali chake kimekwisha hawezi kukanyaga kituoni, na hatakwambia. Muulize tu, "Polisi tunaenda saa ngapi?" Akianza kuzunguka mbuyu, umepata jibu.

Na pasi asikutunzie mtu yeyote. Kule mgeni anatakiwa kutembea nayo. Bila pasi hupati chumba hotelini wala tiketi ya treni, kwa hiyo aliyeishika amekushika wewe.

Chukua hoteli mitaa ya Xiaobei au Sanyuanli, na uliza kabla ya kulipa kama wanapokea wageni wa nje. Ukichelewa kuweka nafasi utalia, maana maonyesho ya biashara ya Canton, hapo hapo Guangzhou, yanaanza tarehe 15 Oktoba na bei zinapaa. Beba kabari ya mpira ya kuweka chini ya mlango. Inafanya kazi kwa mlango unaofungukia ndani tu, na kwenye vigae vyenye vumbi inateleza, kwa hiyo futa sakafu kwanza kwa kitambaa chenye maji. Akigonga mtu anayesema ni mhudumu, piga mapokezi kabla ya kufungua. Ukikuta kadi zenye picha za wasichana zimesukumwa chini ya mlango, usiogope, hizo zinawalenga wanaume.

Laini_Mbili
Naongezea ya simu, kwani watu wengi wanakwama hapo. WhatsApp haifunguki kwa intaneti ya hoteli wala laini ya Kichina. Kwa laini ya nyumbani iliyowashwa rominga inafunguka, kwa sababu data yake inapitia kwenye mtandao wa nyumbani. Washa rominga ukiwa bado Dar na uweke salio. Fungua WeChat, app ya kutumiana ujumbe ya Wachina, mapema pia, maana akaunti mpya mara nyingi inataka kuthibitishwa na mtu ambaye tayari anayo. Alipay, app yao ya kulipia, iunganishe na kadi yako ya Visa ukiwa nyumbani, na uwaambie benki waruhusu malipo ya nje. Malipo yanayozidi yuan 200 yanakatwa asilimia 3.

Uwanjani wanaokufuata na kukuita "taxi, taxi" wapite. Nenda kwenye foleni rasmi, hakikisha mita imewashwa, na uchukue risiti ya karatasi: ina namba ya gari, itakuokoa ukisahau begi. Ukitumia Didi, app ya kuita gari, linganisha namba ya gari na ya kwenye simu kabla ya kufungua mlango, kisha mtumie mtu wa nyumbani safari hiyo. Chukua pia kadi ya hoteli yenye anwani kwa maandishi ya Kichina. Simu ikizima, hiyo ndiyo mdomo wako.

Polisi ni 110, gari la wagonjwa 120. Ubalozi mdogo wetu upo Guangzhou, andika namba yao kwenye karatasi.

Zuu_Mikoba
Asanteni sana. Hoteli basi. Ila kaka huyo aliomba pia nimpelekee begi dogo la dagaa na unga wa ugali kutoka kwa dada yake. Hilo si kosa, au?

MamaKago
Usiguse. Uwanjani mwenye begi ni wewe. China heroini ya gramu 50 tu, uzito wa vijiko vichache vya unga huo, inaanzia kifungo cha miaka 15 na inafika hadi adhabu ya kifo, na "nilipewa nibebe" haitakutoa. Begi linashonwa bitana mbili, unga unafungwa upya kama umetoka kiwandani, hutajua. Kurudi ni hivyo hivyo: boksi la mtu lipitie kwa wakala wa kago kwa jina lake.

Chenji_Kamili
Dola zikizidi 5,000 zitangaze forodhani China unapoingia. Badilisha benki, si kwa wale wa barabarani: wanakuhesabia mbele yako, kisha wanazichukua tena "kuhakiki" na kukuchomekea bandia. Ukilazimika, inamisha noti ya yuan 100 toleo la 2015: ile 100 kubwa ya katikati inageuka kutoka dhahabu kuwa kijani. Isiyogeuka, mrudishie papo hapo.