Mrejesho: kuchubua ngozi bila kuweza kujizuia

Ndugu zangu, niliomba ushauri kuhusu kujichubua kwa kucha ngozi ya mashavu na mabega hadi damu. Wengi mlinishauri nibadilishe sabuni, wengine nikaombewe. Asanteni nyote. Aliyenielekeza kwa madaktari wa afya ya akili Muhimbili, Mungu akubariki sana.

Kumbe ni ugonjwa unaotambulika. Tangu 2013 umo kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, kundi moja na OCD, ugonjwa wa mawazo na vitendo vinavyojirudia bila mtu kuweza kuvizuia. Kuambiwa "acha tu" hakusaidii, maana mara nyingi mkono huanza kabla akili haijagutuka.

Tiba niliyoanzishwa ni ya kubadili mazoea. Kwanza unajichunguza unaanzia wapi. Mimi ni ndani ya daladala, foleni ya Ubungo: kidole kinapapasa nyuma ya bega, kinakutana na kigaga, kinakizunguka kutafuta ukingo ulionyanyuka. Hapo hapo nakunja ngumi na kuibana mpaka hamu ipungue. Nyumbani kucha ni fupi, vidonda nabandika plasta, na taa ya kioo cha bafuni nimeichomoa.

Sijapona. Kodi ya nyumba ilipokaribia nilichubua tena. Lakini mashavu yamefunga, na kwa joto hili la Dar nimeanza kuvaa mikono mifupi. Mama bado anasema ni utoto, inaniuma. Dada yangu akiniona naanza ananishika mkono tu, bila kusema neno.

Mwenye kidonda chenye usaha au homa asisubiri, awahi hospitali.