Yule mtu wenu leo kanisomea sentensi ya mwisho ya kitabu changu. KWA SAUTI!

Mtoro wa Usingizi:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, herufi zikigongana mnisamehe. Jina simtaji. Hana haja ya kutajwa. Ni yule yule. Kila aliyewahi kukaa naye kwenye kikao cha wasomaji anamjua: ukimwambia "paukwa", hasubiri kuitikia "pakawa", anakurukia na "wakaishi raha mustarehe". Ukitega kitendawili, jibu limeshatoka kabla hujafunga mdomo.

Miezi kumi na moja. Miezi kumi na moja niko ndani ya Gurudumu, yaani The Wheel of Time ya Robert Jordan, vitabu 14, ukidondosha kimoja sakafuni jirani anatoka mbio akidhani ukuta umeanguka. Nimevuka cha 10, wakuu, kile cha 2003 ambacho watu wanaoga, wanakunywa chai, wanakunjua na kukunja nguo, halafu ukifunga kitabu ukajiuliza leo kumetokea nini, huna jibu. Wengi mmefia hapo, najua. Mimi nimepita.

Nikafika cha 12, nikaanza kusoma kwa adabu kama niko matangani. Jordan alifariki 2007 kazi haijaisha, na vitatu vya mwisho aliviandika Brandon Sanderson kwa kufuata maandishi aliyoyaacha marehemu. Kila aya najiuliza, hii ni ya nani kati yao? Lakini tukio la mwisho kabisa, lile la kufungia hadithi, Jordan mwenyewe alishaliandika kabla hajafa. Mnanielewa? Unatembea vitabu vitatu na mrithi, halafu mlangoni anakupokea marehemu kwa sauti yake. Nilikuwa nautunza mlango ule. Kuna faharasa ya majina nyuma ya vitabu hivi, na majina yenyewe ni mamia kwa mamia, lakini hiki cha 14 sikuwahi kugusa kurasa za nyuma hata mara moja. Nimekubali kuchanganya shangazi na malkia kuliko jicho langu liteleze.

Leo nimebakiza kurasa 31. Sura ya vita vya mwisho, ile moja peke yake yenye kurasa karibu 200, nilishaimaliza usiku wa kuamkia leo. Nimejikalia zangu pembeni. Akaja. "Bado tu uko na haka?" HAKA! Kitabu cha kurasa zaidi ya 900 anakiita haka. Kabla sijajibu kashakinyakua, kalowesha kidole mate, kapekua hadi hadithi inapoishia, kasoma sentensi ya mwisho. Kwa sauti. Ile sauti yake ya kutangaza msiba. Kisha kakifunga paa! kanirudishia, kaniambia, "Haya, nimekupunguzia kazi."

Nimekupunguzia kazi!

Nani alimtuma kibarua? Nani alimwambia ni kazi? Kidole kile, wakuu, kidole cha mate. Ukurasa una duara la unyevu hadi sasa hivi, unaweza kufuga kambale humo. Na hakusoma kimoyomoyo. Alisimama wima, akasafisha koo. ALISAFISHA KOO!

Nawasilisha.

Kibatari:
Siti ya mbele. Ngoja waje wenyewe.

Bundi Mweupe:
Pole sana mkuu. Huyo huyo alinimwagia mtama kwenye The War of the Worlds, ile riwaya ya H. G. Wells ya wavamizi wa kutoka sayari ya Mars. Ndiyo kwanza nimeona silinda inafunguka shimoni, ngozi imenisisimka, anapita nyuma ya kiti changu: "Mwishoni wanauawa na vijidudu." Akaenda zake. Hata hakusimama.

Dirisha Wazi:
Na wewe Bundi si umetumwagia hapa hapa?! Nilikuwa nimekipanga cha mwezi ujao!

Bundi Mweupe:
Kitabu cha 1898 mkuu. Kimekusubiri zaidi ya karne nzima.

Dirisha Wazi:
1898 mimi sikuwepo. Kwangu ni kipya kama kimetoka kiwandani leo asubuhi. Hakuna mtu anayezaliwa ameshasoma.

Chapa Ilale:
Mleta uzi punguza povu. Mtu mzima na akili zako unamwaga machozi kwa ajili ya hadithi za majoka. Kurasa 31 si bado zipo? Zisome, ufunge kitabu, ulale.

Mtoro wa Usingizi:
Chapa, HAKUNA MAJOKA! Joka kwenye Gurudumu ni cheo cha binadamu, mtu mwenye miguu miwili na matatizo yake. Vitabu vyote 14 hutaona joka likiruka angani. Ungesoma hata jalada la nyuma ungejua. Na hizo kurasa 31 nimejaribu mara nne tangu nirudi. Kila nikifungua naisikia ile sentensi kwa sauti yake. Marehemu kaandika, mimi namsikia huyu! Angesoma kimya ningeshamsamehe kufikia keshokutwa. Alisoma kwa sauti.

Mzee wa Pembeni:
Mnanichekesha. Huyu analia kahadithiwa mwisho. Sisi tunaosubiri kitabu cha sita cha George R. R. Martin, kwenye ule mfululizo wake wa A Song of Ice and Fire, tulie vipi? Cha tano kilitoka 2011. Nimebadilisha miwani mara tatu. Runinga ikatutangulia na Game of Thrones yake, ikafika mwisho wake 2019, sisi wa vitabuni bado tumesimama kwenye theluji na mishumaa. Wewe una mwisho wa kumwagiwa, shukuru. Sisi hatuna hata wa kuibiwa.

Kibatari:
Hapa Mzee umeua.

Nyota ya Saba:
Afadhali nyie mna matatizo ya mwisho. Mimi matatizo yangu yanaanza ukurasa wa kwanza. Nasoma hizi riwaya za kisayansi, na jana nimetupa moja ukutani. Nahodha yuko kwenye mzingo wa Mars, anaongea na mkewe Dunia, anauliza anajibiwa hapo hapo kama wamekaa meza moja. Redio inakwenda kwa kasi ya mwanga! Kutoka Mars hadi Dunia ujumbe unachukua kati ya dakika 3 na 22 hivi, inategemea sayari zimekaaje. Waume wangapi wangependa kugombana na mke ambaye jibu lake, kwenda na kurudi, linaweza kuchelewa hadi dakika 44? Huo peke yake ungekuwa mkasa mzuri, mwandishi kaupoteza kwa uvivu. Halafu chombo chake kinanguruma kwenye ombwe. Kinanguruma na nini, hewa iko wapi?

Karani wa Majini:
Nyota, ukitaka waongee papo kwa papo, buni kifaa, usijifanye hujui. Ursula Le Guin alifanya hivyo 1966, akakipa na jina kabisa, "ansible", na waandishi wengine wakakiazima. Msomaji akishaambiwa kipo, anakubali, safari inaendelea. Kosa ni kutoomba ruhusa.

Ila nirudi kwa Chapa na mleta uzi. Mnatumia neno "joka" kiholela. Joka ni nyoka mkubwa. Yule wa riwaya ana miguu minne, mabawa, anatema moto, anakalia dhahabu. Huyo ni dragoni.

Bundi Mweupe:
Dragoni ndiyo nini? Ufunuo sura ya 12 kuna joka lenye vichwa saba na pembe kumi na hakuna aliyelalamika kwamba nyoka hana pembe. Joka linatosha.

Karani wa Majini:
Vichwa saba, sawa. Mabawa je? Moto je?

Mzee wa Pembeni:
Yakija matatu yanaruka juu ya paa lako utayaitaje? Utapiga kelele "Dragoni!"? Ulimi utakuwa haujamaliza silabi ya pili umeshakuwa majivu. Joka ni fupi, unakimbia nalo.

Mtoro wa Usingizi:
Jamani mada. MADA! Mtu kasafisha koo. Kalowesha kidole. Mnajadili mabawa?

Chapa Ilale:
Mkuu wewe si umesema hakuna majoka, basi tuachie sisi wenye nayo.

Dirisha Wazi:
Mimi namuunga mkono mleta uzi, ila nina langu pia. Kuna watu hawamwagi mwisho, wanamwaga mshangao. "Soma, ila jiandae na sura ya 20." Nijiandae na nini? Sasa sura ya 1 hadi 19 nasoma nimekunja uso namshuku kila mtu, hadi farasi.

Nyota ya Saba:
Wanaokwambia "utashangaa" wawekwe kundi moja na yule wa kidole.

Bundi Mweupe:
Na wale wanaosema "hadithi za namna hii ni ndoto za wenzetu, sisi hatuna hizo". Nakasirika mpaka masikio yanawasha. Shaaban Robert kwenye Adili na Nduguze kawageuza ndugu wawili manyani, na kaka mtu analazimika kuwachapa kila usiku huku roho inamuuma. Mnataka uchawi gani zaidi? Mimi ile fimbo ilinikaa kichwani kuliko panga lolote la mfalme wa kubuni, kwa sababu anayechapa ndiye anayelia.

Karani wa Majini:
Na Katama Mkangi 1995, Walenisi. Mhukumiwa wa kifo anapakiwa kwenye chombo cha angani kimwangamize, badala yake anafika kwenye jamii nyingine kabisa. Halafu lisome jina polepole: wale ni sisi. Nililigundua nimeshafika katikati, nikaweka kitabu chini nikatembea chumbani.

Dirisha Wazi:
KARANI! Si ungeniacha niligundue mwenyewe?!

Karani wa Majini:
Limeandikwa kwenye jalada!

Dirisha Wazi:
Limeandikwa limeunganishwa! Kuachanisha ilikuwa kazi yangu!

Mtoro wa Usingizi:
Asante Dirisha. Ndicho ninachosema tangu asubuhi. Ilikuwa kazi YANGU. Halafu mtu anasafisha koo anakwambia kakupunguzia.

Kibatari:
Samahani wakuu, mimi nimekuja kutazama ugomvi ila huu uzi umenitamanisha. Hilo Gurudumu mtu anaanzia wapi? Naona kuna hivyo 14 na kingine kidogo cha utangulizi.

Mzee wa Pembeni:
Anza na cha utangulizi. Utangulizi maana yake kinatangulia.

Mtoro wa Usingizi:
USITHUBUTU! Kibatari sikiliza. Anza na cha kwanza, cha 1990. Cha utangulizi kilitoka 2004, baada ya cha 10, na kisome hapo hapo kilipotokea. Ukianza nacho unajimwagia mtama kwa mkono wako mwenyewe. Kuna mwanamke unakutana naye cha kwanza hujui anataka nini, na raha yote ni kutojua.

Mzee wa Pembeni:
Mimi nilianza na cha utangulizi na sikudhurika.

Mtoro wa Usingizi:
Ulidhurika, hujijui tu.

Nyota ya Saba:
Huu ndio ugomvi wa vitabu vya Isaac Asimov, yule wa riwaya za kisayansi. Vitatu vya kwanza vya mfululizo wake wa Foundation ni 1951 hadi 1953, halafu vile vinavyosimulia ya nyuma yake vilitoka 1988 na 1993. Kuna mtu aliniambia nifuate miaka ya ndani ya hadithi. Nikaufikia ule mpango mkubwa wa kutabiri historia kwa hesabu nikiwa nimeshaonyeshwa jikoni ulivyopikwa. Fuata mwaka wa kuchapwa. Daima.

Kibatari:
Sawa, cha 1990. Huyo mwanamke ndiye anayekuja kuwa...

Dirisha Wazi:
Usimjibu! Mtu yeyote asimjibu!