Mrejesho: ile ishu ya "a" na "the"

Wakuu habari zenu, nimerudi kuleta mrejesho. Niliuliza nimweleweshaje mdogo wangu wa form two hapa Mtwara lini aweke "a" na lini "the" kwenye Kiingereza. Nilifuata ule ushauri wa kujiuliza kwanza, anayesikiliza anajua ni kipi kinachosemwa? Tukachukua majahazi ya Mikindani, "I saw a dhow", hapo jahazi halijulikani bado, halafu "the dhow had a torn sail", sasa jahazi ni lile lile tulishalitaja ila tanga ndo jipya kwa hiyo linabeba "a", dogo akashika hapo hapo aisee nilifurahi sana. La kuchagua "a" au "an" kwa kufuata sauti ya mwanzo wa neno, siyo herufi, nalo limekaa, "an hour" lakini "a university". Mito na bahari kakariri tu, "the Ruvuma", "the Indian Ocean", ila "Lake Victoria" haichukui kitu.

Palipogoma ni hospitali, maana mgonjwa akilazwa Waingereza wanasema "in hospital" na Wamarekani "in the hospital", bado anachanganya, nimemwambia ashike ya Uingereza kwanza. Dada uliyeandika ule ufafanuzi mrefu, Mungu akubariki sana.