Hizi sauti za kompyuta, mwenye sauti ni nani?

kijana_wa_debe: Wakuu habari za jioni. Broo wangu haoni, kompyuta anaitumia kwa NVDA, programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, na ile sauti ya eSpeak inayosoma Kiswahili kama mtu mwenye mafua kafungiwa kwenye pipa. Yeye kashaizoea anaiendesha mbio mpaka mi siambulii hata neno. Jana mwanangu kauliza baba huyu anayeongea ni nani na anakaa wapi, nikabaki natoa macho. Kuna mtu alikaa studio akarekodi au?

FundiSpika: Hakuna mtu mkuu. Aliyeitunga ni Jonathan Duddington wa Uingereza, ilianza 1995 kwenye kompyuta za Acorn ikiitwa speak tu. Inapiga hesabu, yaani ukitamka "a" mdomo unaongezea nguvu masafa fulani ya mlio (yaani kasi ya mtetemo), ukitamka "i" mengine, sasa programu inayaunda yenyewe. Ndo maana ni nyepesi, lugha kibao ndani ya MB chache, na hata uiharakishe vipi maneno yanabaki yanasikika.

mama_kanda: @FundiSpika hapo umekwenda mbio kidogo. Vokali ni hesabu sawa, ila zile konsonanti za pumzi kama "s" ni vipande vilivyorekodiwa, maana mlio wake ni kelele tupu, kuuunda kwa mawimbi hauji vizuri. Kwa hiyo humo ndani kuna pumzi ya mtu 😄

Ukitaka sauti yenye mwenyewe kabisa msikilize Stephen Hawking, yule mwanafizikia wa Uingereza aliyekuwa akiongea kwa kompyuta. Ile ilitokana na sauti ya Dennis Klatt, mtafiti wa chuo cha MIT Marekani, alijipima mwenyewe akaijenga, kwenye DECtalk, mashine ya kusoma maandishi kwa sauti, ikaitwa Perfect Paul. Klatt kafariki 1988 lakini Hawking kaendelea kuongea nayo hadi 2018, wakimletea mpya anagoma, anasema hiyo ndo yake.

pwani_tu: Dada Susan Bennett wa Marekani je? Julai 2005 alirekodi sentensi zisizo na kichwa wala miguu, masaa kwa masaa kila siku mwezi mzima, hajui zinaenda wapi. 2011 iPhone 4S inatoka, rafiki yake anamwambia we mbona ndo Siri, ile sauti ya msaidizi wa kwenye iPhone! Na Bev Standing wa Kanada aliisikia sauti yake TikTok, 2021 akawashtaki.

FundiSpika: @mama_kanda nimekubali, "s" nilisahau. @kijana_wa_debe mjaribishie broo zile za Microsoft, Rehema na Daudi wa Tanzania, au Zuri na Rafiki wa Kenya, hizo zimefunzwa kwa sauti za watu.

kijana_wa_debe: Nimemsikilizisha Rehema. Kasema anaongea vizuri ila anachelewa, ni mtu wa kusoma hadithi sio wa kazi, karudi kwa mafua wake. Mtoto nimemwambia "s" ni mtu, "a" ni hesabu, sasa anazunguka nyumba nzima anasema ssssss