Naomba ushauri: jina Mariamu lina maana ya uchungu?

Habari zenu wakuu. Mke wangu anakaribia kujifungua, na tumekubaliana mtoto akiwa wa kike aitwe Mariamu, jina la marehemu mama yangu. Sasa shangazi kashikilia kwamba jina hilo maana yake ni uchungu, tusimbebeshe mtoto mikosi.

Nimesoma kidogo. Wa kwanza kutajwa kwa jina hili kwenye Biblia ni Miriamu, dada yake Musa. Wanaosema uchungu wanalihusisha na neno la Kiebrania "mar", na ndiyo sababu Naomi katika kitabu cha Ruthu, baada ya kufiwa na mume na wanawe, alitaka aitwe Mara. Wengine wanalipeleka Misri ya kale, kwenye mzizi wenye maana ya kupenda. Mimi nimevutwa na hii ya pili, kwa kuwa hata jina la Musa wataalamu wengi wanalihusisha na Kimisri. Isitoshe, Klaudia kwa asili ya Kilatini ni mwenye kuchechemea, na watu wanaitwa hivyo bila shida yoyote.

Wenye ujuzi wa lugha hizo, ipi ina uzito zaidi? Na mliowahi kutofautiana na wazee kuhusu jina, mliongea nao vipi bila kuwavunjia heshima? Shangazi nampenda, sitaki tufike kwenye ugomvi.