rsync inaleta linki tupu badala ya folda

Wakuu, habari za mchana. Nina steshenari hapa Mikindani, natunza faili za vyama vya msingi vya korosho. Kompyuta ni Linux. Ndani ya kazi/ folda ya minada ni linki tu (kiungo kinachoelekeza kwenye folda nyingine), yenyewe iko /data/minada. Nikinakili kwenda diski ya nje kwa rsync (programu ya kunakili faili), yaani `rsync -a kazi/ /media/nje/`, kisha nikachomeka diski kwenye laptopu nyingine, linki imekufa. Msimu unaanza, na umeme wetu mnaujua.

fundi_lindi: Hiyo `-a` imebeba `-l` ndani yake, linki inahamishwa kama linki. Ongeza `-k`: linki za folda zinafunguliwa, za faili zinabaki. `-L` inafungua zote, mimi siipendi, diski inajaa kwa marudio.

mwenye swali: `rsync -ak` imekubali, stakabadhi zote za Newala naziona. Shukrani mkuu.

mama_server: Subiri kaka. Siku ya kurudisha usipige `-a` kavu, itafuta linki yako ya minada na kuweka folda halisi mahali pake. Tumia `-aK`, K kubwa. Tanguliza jaribio kwa kuongeza `-nv`, uone itakachofanya kabla haijagusa kitu.